Wakwe Wamekuja Kutazama Mji Tu

Wiki nzima, tangu sehemu iliyopita ya hadithi hii, nimesimamishwa njiani. Muuza samaki kanishika mkono, na daktari wa meno kaniuliza huku koleo iko mdomoni mwangu: Vangel alijibu nini? Haya, tulizeni roho. Alijibu hivi:

"Yule? Jirani tu."

Kumbukeni walikuwa wamesimama wapi. Ni hapa hapa Ohrid, chini ya nyumba yake mwenyewe, kwenye kichochoro cha mawe kinachoteremka ziwani. Vangel na binti yake Despina walikuwa wakiwatembeza wageni wawili kutoka Bitola, Bibi Olivera na mumewe Risto, wazazi wa Kiril, kijana anayetaka kumwoa Despina. Ghafla huko juu roshanini akatokeza mwanamke mwenye kitambaa chekundu kichwani, akapaza sauti: "Karibuni, wakwe!"

Na Bibi Olivera akauliza, "Nani huyo?"

Huyo alikuwa Kaliopa, dada yake Vangel, baba mmoja mama mmoja. Dada anakaa orofa ya juu, kaka anakaa ya chini, na hawajasemezana tangu Despina akiwa na miaka saba. Lakini mwezi uliopita, alipokwenda Bitola kuwaona wakwe, Vangel alisema mbele ya watu kwamba dada yake amehamia Australia. Yuko Melbourne, akasema, anafuga kondoo, na anawasalimu sana.

Despina alikuwepo siku ile, na alinyamaza. Alinyamaza kwa sababu Kiril alikuwa amemwonya: "Mama yangu hataki kusikia nyumba yenye ugomvi wa ndugu. Akinusa tu, kwisha habari yetu." Na Despina alimtaka Kiril. Alimtaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, hata akaona aibu kujisikia hivyo.

"Jirani?" sauti ikauliza kutoka roshanini.

Despina aliinua uso. Shangazi alikuwa anamtazama yeye, si kaka yake. Huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, akamvusha surua na hesabu na machozi yote ya usichana. Despina alimwomba kwa macho tu.

"Ndiyo, mimi ni jirani," Kaliopa akasema. "Tena jirani wa karibu mno. Ngojeni nivae viatu vya maana nishuke niwasalimu."

"Hatuingii bado!" Vangel akadakia. "Wageni wamekuja kutazama mji. Hawajaiona Kaneo, kanisa la mwambani!"

"Kaneo tumeiona asubuhi, Bwana Vangel," alisema Bibi Olivera.

"Mmeiona kwa juu. Hamjaiona kwa chini."

Hapo ndipo palipo na uchungu wa mambo haya. Kwetu hakuna mkwe anayesema amekuja kumkagua msichana. Anakuja kutazama mji. Nadhani mji huu umetazamwa na wakwe kuliko na watalii. Wanatembea polepole, wanasifu kila jiwe, wanasimama mbele ya kila kanisa na kushika kifua, na wakati wote wanachokitaka ni kujua kama paa la nyumba yenu linavuja.

Bibi Olivera alikuwa fundi wa mchezo huo. Pale ngomeni alivuta pumzi, akatazama ziwa lote hadi milima ya Albania, akasema, "Mandhari ya ajabu. Na kuni za kipupwe mnaweka wapi?" Kwenye ukumbi wa kale wa michezo aligusa viti vya mawe na kuuliza kama ukoo wao una ugonjwa wa sukari.

Basi wakateremka Kaneo kwa mara ya pili. Vangel alitangulia mbio mbio kama mtu aliyesahau sufuria motoni. Risto alifuata na boksi la keki ambalo mkewe alimkataza kuliacha garini. Risto huyo hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, isipokuwa kuuliza mahali pa kuegesha gari. Na nyuma yao wote, kwa viatu vya visigino na kitambaa chake chekundu, akaja jirani.

"Wewe jirani," Bibi Olivera akamwambia, akimngoja, "basi bila shaka unamfahamu huyo dada yao wa Australia."

Despina nusura ateleze.

"Nani asiyemfahamu!" Kaliopa akajibu. "Mwanamke mpole yule. Hana makuu."

Vangel alikohoa kule mbele. "Alikuwa mkali kidogo."

"Mkali? Mbona sisi majirani hatukuuona huo ukali? Sisi tulisikia mgumu ni kaka yake."

"Kaka yake alifiwa na mke. Alikuwa na mzigo wa kulea mtoto."

"Mzigo ulikuwepo, sikatai. Nauliza tu aliyeubeba ni nani."

"Hata hivyo angeweza kuja kusema samahani!"

"Nani, yeye? Yeye ndiye aseme samahani? Jamani, jirani, hebu geuka nikuone uso ukisema hivyo!"

Vangel hakugeuka. Aliwaonyesha wageni mnara wa kanisa na kutaja karne, kisha akataja karne nyingine, maana ya kwanza ilikuwa ya kanisa jingine. Maji chini ya mwamba yalikuwa meupe na shwari, na mashua moja ya watalii ilikuwa ikipita na watu wanaopiga picha. Watu hao walistarehe kweli.

Lakini Despina alikuwa ameganda. Kuna kitu kilikuwa kimempiga ghafla. Hawa wawili walikuwa wanazungumza! Tangu utoto wake alikuwa posta baina yao: mwambie baba yako bomba limeziba, mwambie shangazi yako apunguze redio. Leo walijibizana wenyewe kwa wenyewe, kwa midomo yao, kutoka Kaneo hadi kwenye mlango wa kanisa la Mtakatifu Sofia, wakimsengenya mwanamke wa Australia. Despina alitaka kucheka, kisha akaona machozi ndiyo yanayokuja, akajifanya jua linamchoma.

"Na huko Melbourne," Bibi Olivera akaendelea, akitazama michoro ya malaika ukutani kana kwamba anawauliza wao, "ameolewa?"

Kaliopa alikaza fundo la kitambaa chake chekundu.

"Hapana. Hakuolewa."

"Kwa nini, na ni mpole, hana makuu?"

"Waulizeni kondoo," alisema Kaliopa, akatoka nje.

Mji ukaisha. Mji wetu ni mdogo, na mtu akishauzunguka mara mbili hana tena pa kumpeleka mkwe ila nyumbani. Vangel alijaribu kutaja duka la lulu, lakini Bibi Olivera alimshika kiwiko na kusema miguu yake ya Bitola imezoea barabara tambarare. Pale mlangoni Kaliopa aliaga. "Nitapita baadaye kidogo," alisema, akapanda ngazi za nje kwenda kwake.

Despina alishusha pumzi. Akawaketisha wageni, akawaletea tini za sukari kwenye kisahani, kijiko na glasi ya maji, kama inavyotakiwa. Kisha akaingia jikoni kupika kahawa.

Na hapo ndipo lilipofanyika kosa, msomaji wangu, na lilifanyika kwa nia safi. Kwa desturi, msichana anayetazamwa habandiki kahawa. Hubeba sinia tu. Kahawa ya wakwe hupikwa na mwanamke mkubwa wa nyumba. Despina alijua hivyo, lakini mwanamke mkubwa wa nyumba yuko Australia, sasa afanyeje? Akapika mwenyewe. Na kule juu, mwanamke mkubwa wa nyumba naye alijua hivyo hivyo. Akatoa kabatini vikombe vya mama yao vyenye ukingo wa dhahabu, akabandika kahawa yake.

Chini mambo yalikuwa yakienda vizuri kupita kiasi. Bibi Olivera alikunywa, akakitazama kikombe, akaitazama dari, akamtazama Despina kwa muda mrefu. "Kahawa nzuri," alisema. "Nyumba hii ina joto." Vangel alitanua kifua. Bibi Olivera akaweka kikombe chini, akanyoosha sketi yake.

"Sasa, Bwana Vangel, sisi si watoto. Mji tumeshauona. Neno lililotuleta..."

Mlango ukasukumwa kwa mguu. Kaliopa akaingia na sinia, uso umejaa tabasamu, na vikombe vinafuka moshi.

Tabasamu lilimfia usoni. Alikuwa ameviona vikombe vya kwanza mezani, havijapoa.

Kwetu kahawa ya kwanza humkaribisha mgeni. Ya pili, ikija moja kwa moja nyuma ya ya kwanza bila kuombwa, humwambia mgeni mlango uko pale. Hakuna anayelisema jambo hilo kwa mdomo. Ndiyo maana hakuna anayeweza kulifuta kwa mdomo.

Bibi Olivera aliuchukua mkoba wake.

"Kumbe," alisema.

"Bibi Olivera, sivyo!" Vangel aliruka kama aliyekalia sindano. "Sivyo kabisa! Huyu ni jirani, hajui kitu!"

"Mimi natoka Bitola, Bwana Vangel, sikushuka kutoka mwezini. Jirani hapiki kahawa ya wakwe wa nyumba nyingine. Akija nayo, ametumwa."

"Hakutumwa na mtu!"

"Basi kwa nini kaileta?"

Jibu lilikuwa moja tu la kweli, na Despina aliliona limesimama katikati ya chumba. Kaileta kwa kuwa ni mwanamke wa nyumba hii. Na hakujua ya kwanza imeshanywewa kwa kuwa hakanyagi chumba hiki. Ama wakwe wamefukuzwa, ama ndugu hawasemezani. Kila upande Kiril anakwenda na maji.

Kaliopa alisema kabla ya wengine.

"Hawakunituma. Nimefanya mwenyewe, kwa kijicho. Nilimwona msichana anapata bahati, roho ikaniuma. Ndivyo nilivyo, waulizeni mtaa mzima. Hawa watu hawana kosa."

Na Vangel? Laiti ningeweza kuwaambia alifanya jambo jingine!

"Mmesikia?" alipiga kelele, furaha imempanda kichwani. "Mmesikia wenyewe? Jirani mbaya! Mama wewe, toka! Toka nyumbani kwangu!"

Alimfukuza dada yake katika nyumba aliyoijenga baba yao. Kaliopa aligeuka na sinia lake. Vikombe vya mama vilikuwa vinagongana kidogo kidogo.

"Shangazi," Despina akasema. "Keti."

Kisha akamgeukia Bibi Olivera.

"Huyu ni shangazi yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ngeni masikioni mwake. "Hayuko Australia. Hana kondoo. Anakaa hapo juu, yeye ndiye aliyenilea, na hajui nilishapika kahawa kwa sababu yeye na baba hawasemezani tangu nikiwa mdogo. Tumewadanganya, Bibi Olivera. Mimi pia. Mwambieni Kiril... hapana, nitamwambia mwenyewe."

Alisubiri kusikia mlango. Moyo ulimuuma hasa, kama jino.

Lakini Bibi Olivera hakutoka. Aliuweka mkoba chini, akakaa tena, akaikunja mikono yake magotini.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?" Vangel akauliza.

"Kwamba yuko juu. Kondoo wa Melbourne! Nilijitahidi kujizuia kucheka mbele za watu, Bwana Vangel, hata mbavu zikaniuma. Kaliopa, jina langu la ubini hujaniuliza. Mimi ni dada yake Metodija."

Sinia lilitua mezani kwa kishindo. Kaliopa aliketi bila kutazama anakalia nini.

Despina alitazama huku na huku. Jina la Metodija hajawahi kulisikia katika nyumba hii. Alikuwa ameambiwa kwamba wakubwa waligombana kwa sababu ya paa.

"Kaka yangu alikuwa mwalimu wa muziki," Bibi Olivera alisema, sasa akimwelekea Despina. "Kila kiangazi alikuja ziwani kwenu. Tulidhani anapenda kuogelea. Kisha siku moja akatuambia kuna mwanamke, akakusanya watu wake, akaja kutazama mji. Walikaa katika chumba hiki. Waliletewa kahawa, na kabla haijapoa wakaletewa nyingine. Akainuka, akavaa kofia yake, akarudi Bitola, akafunika piano. Hajaoa mpaka leo. Kwa hiyo Kiril aliponitajia jina lenu na mtaa wenu, nikamwambia: vizuri sana, mwanangu, ngoja sisi tukautazame mji."

"Bibi Olivera," Vangel alianza.

"Sijakuuliza wewe. Namuuliza yeye, na ni swali moja. Kaliopa, kahawa ile uliituma wewe? Kama ni wewe, usiogope. Mwanamke akimkataa mwanamume, ni haki yake, nami nitalimeza leo na msichana huyu nitamchukua kwa mikono miwili. Lakini kama kuna mkono mwingine uliokukatalia wewe bila wewe kujua, basi mwanangu hataketi meza moja na mwenye mkono huo. Hilo nimeapa."

Despina alimtazama shangazi. Shangazi alimtazama kaka yake. Kaka mtu alikuwa anazitazama tini.

Ziwani honi ya mashua ikalia. Shangazi akageuza macho kutoka kwa kaka yake, akayaweka juu ya Despina, na Despina akaona yamelainika. Alizijua sura za mwanamke huyu zote. Hii ilikuwa ile ya kumwachia mtoto kipande kikubwa na kusema, mimi nimeshiba.

"Ni mimi," Kaliopa alisema. "Nilibadili nia. Nilimkataa mimi."

Bibi Olivera alifumba macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe kimoja cha ukingo wa dhahabu kutoka kwenye sinia la Kaliopa, akakinywa chote.

"Basi," alisema. "Limekwisha. Uliniumizia kaka yangu, lakini umesema kweli, na leo nimeikosa kweli tangu asubuhi. Despina, njoo nikubusu."

Ameshinda! Despina alisikia damu ikimrudi mwilini. Kiril wake, harusi yake, yote yamerudi kwa neno moja. Aliinuka. Alimwona baba yake akipumua kwa mara ya kwanza na kujichotea tini kubwa, akageuza uso.

"Si yeye."

Watu wote waligeuka. Alikuwa Risto. Walikuwa wamemsahau kabisa, yeye na boksi lake la keki.

"Risto, kunywa kahawa," mkewe alimwambia.

"Nitakunywa. Lakini si yeye, Olivera. Wewe ulibaki nyumbani siku ile, mimi nilikuja na kaka yako. Niliketi palee, karibu na dirisha. Wakati huo nilikuwa na nywele, na sharubu, ndiyo maana bwana huyu hajanitambua. Mama huyu hatukumwona hata kivuli. Tuliambiwa anavaa, atashuka. Na kahawa ya pili haikuletwa na mtu mzima."

"Ililetwa na nani?"

Risto alikuna upara wake. Alikuwa mtu wa polepole, na alitaka kulisema sawasawa.

"Na kitoto cha kike. Kidogo hivi. Sinia lilikuwa kubwa kumpita, ulimi ameutoa nje asije akamwaga. Hakumwaga hata tone. Nilimwonea huruma, nikampa peremende."

Mmoja baada ya mwingine, walimgeukia Despina.

Naye aliikumbuka peremende. Maishani mwake mwote aliikumbuka, ya kijani, ndani ya karatasi inayolialia, kutoka kwa bwana mwenye sharubu aliyekuja kutazama mji. Alikuwa ameiweka miongoni mwa siku nzuri za utoto. Alikuwa amejivuna kwamba hakumwaga. Sasa, akiwa amesimama baina ya wakwe na shangazi yake, aliona na kile kilichotangulia peremende: jikoni, sinia zito likiwekwa mikononi mwake, na sauti ya upole ikisema, peleka, binti yangu mzuri, wageni wana kiu.

"Mwanangu," Bibi Olivera alisema, na kikombe kilikuwa bado mkononi mwake. "Nani alikupa sinia?"

Kijiko cha Vangel kilisimama hewani. Kaliopa alimtikisia Despina kichwa, mara moja, taratibu sana: usiseme.

Despina akafungua mdomo.